Je, Tumsamehe Jirani Aendeshaye Ovyo?

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu hakuteremsha dini ili imwongoze mtu katika sala tu, kisha imwache peke yake atokapo nje ya nyumba ya ibada. Katika sura ya Al-Furqan (25:64) Kurani Tukufu inapoanza kuwataja watumishi wa Rahmani, sifa yao ya kwanza ni namna wanavyokwenda juu ya ardhi: wanakwenda kwa unyenyekevu, na wajinga wanapowasemesha hujibu kwa salama. Kisha ndipo yakatajwa makesha yao ya usiku katika kusujudu na kusimama. Basi njia ni mahali pa ibada, na mwendo wa mtu ni ushahidi wa imani yake.

Kwa sababu hiyo si jambo dogo kuuliza: dini yaniamuru nini juu ya jirani ambaye kila siku ahatarisha maisha ya watu kwa mwendo wake wa fujo?

Tuchukue mfano wa mkazi wa Maposeni. Kata hii imo katika Wilaya ya Songea, upande wa Peramiho, magharibi ya mji wa Songea. Barabara iendayo Mbinga kupitia upande huo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa mvua, mpaka lami ilipowekwa katika miaka ya 2010. Leo mgonjwa huwahi hospitali ya Peramiho, na mahindi na kahawa hufika sokoni upesi. Tena, tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa malipo, vijana wengi wamepata riziki ya halali, na mama mjamzito anayekaa mbali na barabara hupata usafiri hata usiku. Hizi ni neema, na yatupasa kuzishukuru.

Lakini kila neema huja na mtihani wake. Mkazi huyu ana jirani ambaye kijana wake anaendesha bodaboda. Kijana hupita katikati ya nyumba kwa kasi kama yuko barabara kuu. Kuku wamekwisha kanyagwa, na siku moja mtoto aliyetumwa maji aliponea chupuchupu. Mkazi akamkemea, kijana akamjibu kwa kejeli. Kesho yake mkazi akaweka gogo njiani. Mama wa kijana akatoka na matusi. Sasa nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi hazisalimiani, na ulipotokea msiba katika nyumba moja, watu wa nyumba ya pili hawakutia mguu. Mambo ya namna hii hutokea Maposeni, na hutokea Mwanza, Mombasa na Kampala vilevile.

Mtu aliyefikwa na hayo kwa kawaida hupata mashauri mawili. Mmoja humwambia: Lipiza, asikuone mnyonge. Mwingine, hasa mcha Mungu, humwambia: Samehe, unyamaze, mwachie Mungu. Je, lipi ni shauri la dini?

Waisraeli, ambao utumwa wa Misri ulikuwa umewavunja nguvu, walipewa na Torati sheria ya kulipa jicho kwa jicho, ili haki isimame miongoni mwao. Baadaye mioyo yao ilipokuwa migumu, Nabii Isa (a.s.) aliwahimiza sana kusamehe, hata kugeuza shavu la pili. Kila fundisho lilikuwa dawa kwa ugonjwa wa wakati wake. Kurani Tukufu, iliyokuja kwa watu wote na nyakati zote, imeyakusanya yote mawili na kuyawekea kipimo. Katika sura ya Ash-Shura (42:41) inatufahamisha kwamba malipo ya ubaya ni ubaya ulio sawa nao, lakini mwenye kusamehe na kwa kusamehe kwake akaleta matengenezo, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), aliieleza maana hii katika hotuba yake mashuhuri juu ya falsafa ya mafundisho ya Islam, iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896: kusamehe ni tabia njema kunapokuwa mahali pake, na kuadhibu ni tabia njema kunapokuwa mahali pake, kinachotazamwa ni kipi kitamtengeneza mkosaji bila ya kuzaa madhara.

Hebu tukitumie kipimo hiki. Kijana alipomjibu mzee kwa kejeli, aliyedhulumiwa ni mzee peke yake. Heshima iliyovunjwa ni yake, na akisamehe ametoa katika mali yake. Lakini kijana anapopita kwa kasi mahali watoto wanapocheza, je, haki inayovunjwa ni ya nani? Ni ya mtoto yule aliyetumwa maji. Ni ya bibi asiyesikia vizuri. Ni ya abiria aliyeketi nyuma bila kofia ngumu. Ni ya kijana mwenyewe, kwani uhai wake nao ni amana. Mzee hana ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya hao wote. Msamaha wa namna hiyo ni sawa na kutoa sadaka kwa fedha za yatima.

Wala tusidhani hatari hii ni ya kukisia. Chombo kiendacho kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde moja. Kabla dereva hajatambua kwamba mtoto ametokea na mguu wake kugusa breki, amekwisha vuka upana wa kiwanja kizima cha nyumba. Kasi inapozidishwa mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, haikuruhusu kuzidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na katika kijia cha uchochoroni hata hizo ni nyingi mno. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba miongoni mwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu ya kifo iliyo kubwa kuliko hiyo. Mwenye kunyamaza mbele ya hatari kama hii asijiite mvumilivu. Huenda ni mwoga tu, au ni mtu asiyependa kusumbuliwa.

Basi je, tulipize? Mtazame yule aliyeweka gogo. Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba kuondoa kitu cha kudhuru njiani ni tawi moja la imani. Sasa mtu huyu amekiweka. Usiku atapita mzee na baiskeli yake, au muuguzi anayerudi kutoka zamu, na gogo halitauliza ni nani aliyekosa. Mbaya zaidi ni lile kundi ambalo magazeti yetu huliita wananchi wenye hasira kali. Mara ajali inapotokea humvamia dereva, humpiga, na pengine huchoma chombo chake. Hao hawalindi mtoto yeyote, kwani mtoto amekwisha umia. Wanaongeza damu juu ya damu, tena humfundisha dereva wa kesho kukimbia na kumwacha majeruhi barabarani.

Iko njia ya tatu, na Mtume (s.a.w.) aliionyesha kwa hekima ya ajabu. Katika mkusanyo wa Abu Daud imesimuliwa kwamba mtu mmoja alimjia akimshitaki jirani yake, naye akamwambia avumilie. Akaja tena mara ya pili au ya tatu. Ndipo akamwambia akavitoe vyombo vyake vya nyumbani avitupe njiani. Akafanya hivyo. Wapita njia wakamwuliza kuna nini, naye akawaeleza, wakaanza kumlaani yule jirani. Jirani akamjia akamwomba arudishe vyombo vyake nyumbani, akaahidi kwamba hataona tena kwake jambo la kuchukiza.

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya mpango huu. Kwanza uvumilivu ulipewa nafasi yake. Uliposhindwa kumtengeneza mkosaji, aliyedhulumiwa hakuambiwa apige wala aharibu mali ya mwenzake. Vilivyotupwa njiani vilikuwa vyombo vyake mwenyewe. Aliambiwa tu alitoe jambo mbele ya macho ya watu, aseme kweli, na watu wasikwepe kuikataa dhuluma. Na mwisho wa yote ulikuwa ni ujirani kurudi, bila jirani kufukuzwa.

Kwa hiyo mkazi wetu wa Maposeni aanze kwa kuliondoa gogo. Kisha amwendee kijana wakati ametulia nyumbani, asimkemee mbele ya abiria wake, kwani aliyeaibishwa mbele ya watu hutetea kosa lake. Aulize pia sababu. Mara nyingi pikipiki si ya kijana. Yuko mwenye chombo anayedai hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Yuko na abiria anayempiga begani akisema, kimbiza. Zamani Mtume (s.a.w.) aliamua kwamba mifugo ikiharibu mashamba usiku, wenye mifugo wawajibike. Basi mwenye pikipiki naye asijione hana hatia ilhali yeye ndiye aliyeiachia mitaani pamoja na deni lisilolipika ila kwa kukimbia.

Ikiwa hapana badiliko, amwendee tena pamoja na wazee wawili wanaoheshimiwa na nyumba zote mbili, na kiongozi wa kijiwe, na mwenye pikipiki. Ikishindikana, apeleke jambo kwa viongozi wa kijiji. Upo pia msaada wa Baraza la Kata, ambalo tangu Sheria ya mwaka 1985 kazi yake kubwa imewekwa kuwa kuleta amani kwa kuwasuluhisha watu wafikie mapatano. Na hatari ikizidi, polisi wa usalama barabarani waarifiwe. Wengine huona haya kumshitaki mtoto wa jirani. Lakini Mtume (s.a.w.) alipofundisha kumsaidia ndugu yako akiwa mdhulumiwa au mdhalimu, akaulizwa mdhalimu asaidiwe vipi, alieleza kwamba huko kumsaidia ni kumzuia asidhulumu. Anayemzuia kijana leo anamsaidia asije akalala gerezani kesho, au akaishi miaka yake yote na sura ya mtoto aliyemwua.

Na katika muda huo wote, haki za ujirani zisikatwe. Kurani Tukufu (4:37) imeamuru wema kwa jirani aliye jamaa na kwa jirani asiye jamaa, wala haikusema mpaka awe mwema kwanza. Aendelee kumsalimu. Kukiwa na msiba, ahudhurie. Akiugua, amtembelee. Amwombee katika sala kwa jina lake. Hapa ndipo ilipo kazi ngumu: kumshitaki mtu mchana bila ya kumchukia usiku. Na siku kijana atakapopunguza mwendo, kosa lake lifutwe kabisa, wala asikumbushwe tena.

Neno la mwisho ni kwako wewe msomaji uliye dereva. Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka Arafa alisikia nyuma yake makelele na vipigo vya ngamia, akawaashiria watu watulie, akawafahamisha kwamba wema haupatikani kwa kukimbiza. Walakini imesimuliwa kwamba yeye mwenyewe alipopata uwazi mbele yake aliongeza mwendo. Hakuukataza wepesi mahali pake. Aliukataza penye watu. Na mwongoza ngamia Anjasha alipokwenda upesi na wanawake juu ya ngamia, alimwambia aende polepole, akawafananisha wanawake hao na vyombo vya kioo.

Ikiwa umekwisha fanya Baiat, kumbuka sharti la nne kati ya yale kumi yaliyotangazwa na Seyidna Ahmad (a.s.) mwezi wa Januari 1889. Umeahidi kwamba, kwa kusukumwa na hamaki za nafsi, hutawadhuru viumbe wa Mwenyezi Mungu kwa ulimi, wala kwa mkono, wala kwa njia nyingine yoyote. Pikipiki ni moja ya njia hizo nyingine. Na ikiwa bado unachunguza tu na hujaingia, basi usitupime kwa maneno tunayoandika. Simama kando ya njia, utazame tunavyopita mbele ya nyumba za watu.

Mwenyezi Mungu atujalie tuwe majirani ambao mtoto akitumwa maji, mama yake hana haja ya kutoka nje kuangalia ni nani anayekuja. Amin.