Msasa Haurukwi Namba



Kuna swali nalisikia sana: "Nimeungama, nimesamehewa, mbona bado navutwa na jambo lile lile?" Wengine wakifika hapo wanakata tamaa, hawaendi tena kuungama. Leo nalijibu kwa msasa.

Kazi yangu ni kung'arisha reli za ngazi za stenlesi. Reli ikitoka kwa mchomeleaji, kwanza tunaondoa uvimbe kwa grinda. Halafu unaingia msasa: namba 120, 240, 400, 600, 800, mwisho ndipo polishi. Namba ndogo ina chembe kubwa. Inakata sana, na inaacha mikwaruzo yake. Namba inayofuata inakuja kufuta mikwaruzo hiyo. Ndiyo maana kila ukibadili namba unabadili na upande wa kusugua, ili uone kama mistari ya zamani imeisha. Ukiruka kutoka 120 hadi 800, mkononi utasikia laini, ila ukitia polishi mikwaruzo yote inajitokeza. Polishi haifichi kitu.

Sasa tusikilize Kanisa. Katekisimu, kifungu cha 1459, inafundisha kwamba ondoleo linafuta dhambi, lakini haliponyi madhara yote ambayo dhambi imeleta. Kwa hiyo usitilie shaka msamaha wako: uvimbe umeondolewa kweli. Kinachobaki ni mikwaruzo, na hiyo ndiyo kazi ya malipizi.

Basi malipizi usiyaparamie. Uliiba? Rudisha. Ulimchafulia mwenzako jina? Nenda ukalisafishe kwa watu wale wale. Picha zile bado ziko kwenye simu? Futa leo. Ukianguka tena, rudi kwa padre. Usiruke hatua ili uonekane mtakatifu mbele ya jumuiya. Na kumbuka, chuma hakijisugui chenyewe. Mkono ni wa Mungu, sisi tunakubali tu kukaa mkononi mwake.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto habari za kioo. Vioo vya wakati ule vilikuwa vya shaba iliyosuguliwa mpaka uso ukaonekana. Ndiko tunakopelekwa: watu wakitutazama, wamwone Kristo.

Ee Yesu, usituache nusu ya kazi. Utusugue kwa upole, lakini utumalize. Amina.