Mizani Yenye Sahani Moja



Likizo iliyopita nilipata kibarua huko Kayanza: kuzunguka mashamba ya kahawa na simu mkononi, nisimame katika kila shamba na kuandika mahali lilipo. Chanzo chake ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023. Sheria hiyo inazuia kahawa, kakao, mawese, soya, ng'ombe, mpira na mbao kuingia katika soko lao ikiwa vimetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mwenye kuingiza mzigo lazima aonyeshe shamba kwenye ramani. Kwa shamba dogo lisilozidi hekta 4, nukta moja inatosha.

Mzee mmoja alinikaribisha vizuri, akanipa ndizi na maji. Kisha akanionyesha vipande viwili. Kimoja alirithi kwa baba yake. Cha pili alikipata mwaka 2022 kwa kufyeka ukingo wa msitu. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nukta zote mbili ziweke huku kwa baba. Nani atajua?"

Nikamjibu, "Nisamehe mzee, naandika pale ninaposimama tu." Hakugomba. Alinisindikiza hadi njiani bila neno, na kimya chake nikarudi nacho Bujumbura.

Wiki iliyofuata niliketi na wenzangu katika mkahawa mmoja wa Rohero. Kikombe kimoja kilinigharimu zaidi ya alicholipwa mzee yule kwa kilo nzima ya matunda ya kahawa. Nikajiuliza: nilisema kweli, alhamdulillah, lakini je, nilitenda uadilifu?

Wenzangu wengine walinilaumu. Walisema Ulaya ilikwisha kufyeka misitu yake zamani, basi ina haki gani ya kumhukumu mkulima wetu? Sikubaliani nao. Kosa la mwingine halihalalishi langu. Msitu ukiondoka mlimani, udongo huteremka na vijito hukauka, na wa kwanza kudhurika ni jirani wa bondeni, si mtu wa Brussels. Tena kuna madhara yetu ambayo satelaiti haiyaoni, kama maji machungu ya kituo cha kuoshea kahawa yakiachiwa mtoni bila kusafishwa.

Hata hivyo, malalamiko yao yana ukweli ndani yake. Fiqhi yetu inamjua muhtasib, aliyeingia sokoni kukagua vipimo na kuzuia madhara. Inajua pia katazo la talaqqi ar-rukban, yaani kuwawahi wenye bidhaa njiani na kununua kabla hawajajua bei ya sokoni. Maana yake, muuzaji hukaguliwa ili asipunje, naye hulindwa ili asipunjwe. Sheria hii ya Ulaya inamuuliza mkulima shamba lake liko wapi. Haimuulizi mnunuzi amelipa kiasi gani. Inadai ushahidi kwa aliye dhaifu zaidi, na bei inayomsukuma mtu huyo kuingia msituni haiigusi. Hiyo ni mizani yenye sahani moja.

Kutunza ardhi ni amana, na amana hii imeshikwa na mikono mingi: mkulima, mwenye kituo, msafirishaji, mkaangaji, hata mimi niliyeshika kikombe. Anayetaka mti usikatwe abebe sehemu ya gharama ya kuuacha umesimama.

Sijuti kukataa kuandika uongo. Ninachojutia ni kwamba nilikataa kisha nikaondoka. Sikumweleza mzee kuwa kahawa ya kipande kile ikichanganywa na ya wenzake, mzigo wao wote unaweza kukataliwa. Sikumuuliza kilichompeleka msituni.

Wanaosoma kilimo, sheria na uchumi miongoni mwetu, ukaguzi wa namna hii kesho utakuwa mikononi mwenu. Kagueni sahani zote mbili. Mimi, inshallah, likizo ijayo narudi Kayanza, safari hii kuuliza na kusikiliza.

Wabillahi tawfiq.