Imani Yamfaa Nini Mwanasayansi?

Wapo watu wanaouliza: Ikiwa asiyemwamini Mungu aweza kugundua siri za maumbile sawasawa na amwaminiye, basi imani yamfaa nini mwanasayansi? Swali hili si dogo, wala halifai kujibiwa kwa hasira. Na tulitazame katika maisha ya Profesa Abdus Salam, Mwahmadiyya aliyezaliwa mwaka 1926 katika Punjab, akakulia katika mji wa Jhang, ambao sasa umo Pakistan.

Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Wamarekani wawili, Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Walionyesha ya kwamba nguvu ya umeme na sumaku, na ile nguvu dhaifu itendayo kazi ndani ya kiini cha atomu, ijapokuwa zaonekana mbalimbali, asili yake ni moja. Mwaka 1983 chembe walizozitabiri zilipatikana katika maabara ya CERN, karibu na Geneva.

Katika karamu ya tuzo hiyo Salam alikumbusha aya za Sura Al-Mulk, zinazomwita mtu autazame uumbaji tena na tena, asione kasoro. Lakini Weinberg hakumwamini Mungu, naye aliifikia nadharia ile ile akiwa mbali na Salam. Salam mwenyewe alikiri waziwazi kwamba katika kazi yao hitilafu hiyo ya itikadi haikuleta tofauti.

Je, kukiri huku kwaivunja imani? Hasha! Mwenyezi Mungu ni Ar-Rahmaan: jua Lake lawaangazia wote. Naye ni Ar-Rahiim: hapotezi juhudi ya ajitahidiye. Asiyeamini akipanda kwa wakati huvuna. Mwamini akilala msimu wote hapati kitu. Basi adhaniye kwamba sala zamwondolea wajibu wa kusoma, huyo anajidanganya. Wala tusiifanye tuzo kuwa hoja ya ukweli wa dini.

Matunda ya imani yatafutwe penginepo: mtu aitumiaje elimu aliyopewa, na avumiliaje adhulumiwapo? Mwaka 1951 Salam alirudi Lahore kufundisha, akajikuta peke yake, mbali na wenziwe wa fani. Mwaka 1954 akalazimika kurejea Cambridge. Hakuusahau uchungu ule. Mwaka 1964 alianzisha huko Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia, ili wataalamu wa nchi maskini, wa Afrika wakiwamo, waje wajifunze, kisha warudi kwao bila kukatika na elimu.

Mwaka 1974 Bunge la Pakistan liliwatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu. Salam alijiuzulu ushauri wa sayansi wa serikali, lakini uraia wa nchi yake hakuuacha mpaka alipofariki Oxford mwaka 1996. Alizikwa Rabwah. Baadaye neno "Mwislamu" likafutwa katika jiwe la kaburi lake.

Ndugu msomaji, hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kufuta yale yaliyo baina ya mja na Mola wake. Nawe jiulize: kile ulichojaliwa kukijua, ni nani mwingine anayefaidika nacho? Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, na atuwezeshe kuwatumikia viumbe Vyake kwayo. Amin.