Haki Katika Kuitaja Fujo

Kutaja ni kuhukumu. Mtu asemapo kwamba chumba kina vitabu ishirini sakafuni, amesimulia alichokiona; lakini asemapo kwamba chumba kimo katika fujo, amekwisha kutoa hukumu, na mwenye chumba ametiwa hatiani kabla ya kuulizwa. Kila lugha ina hukumu za namna hii, na Kiingereza cha kila siku kina akiba kubwa yake. Historia ya maneno machache ya Kiingereza yatajayo fujo yafaa kuchunguzwa, kwa sababu ndani yake mna swali la maadili: je, fujo imo katika kitu chenyewe, au imo katika jicho la mtazamaji?

Katika maneno hayo, lililozoeleka sana ni “mess”. Kitanda kisichotandikwa, hesabu zisizolingana na ndoa iliyoharibika, vyote huitwa kwa jina hilo moja. Hata hivyo neno hili lilizaliwa katika heshima. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupeleka. Likapita katika Kifaransa cha kale, likawa jina la chakula kilicholetwa mezani. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Yusufu alipowakirimu ndugu zake huko Misri, sehemu ya Benyamini, iliyokuwa mara tano ya sehemu za wenzake, ilitajwa kwa neno hilo hilo. Baadaye jina likahama kutoka kwenye chakula, likawaendea watu walao pamoja; ndiyo maana mahali pa kulia pa maofisa wa jeshi huitwa mesi hata katika Kiswahili. Upande mwingine likashuka, likawa chakula cha mchanganyiko, hata chakula cha wanyama. Na katika karne ya 19 likawa fujo na uchafu. Wali ulio sahanini ni riziki. Wali huo huo ukidondoka jamvini ni uchafu, wala hakuna punje iliyoongezeka au kupungua.

Neno “tidy”, ambalo leo maana yake ni nadhifu, lina funzo lililo karibu na hilo. Limetokana na “tide”, neno lililokuwa na maana ya wakati kabla ya kuwa jina la kujaa na kupwa kwa bahari. Kilichosifiwa kwa neno hilo zamani ni kitu kilichokuja kwa majira yake. Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Dau lililolala ubavu mchangani wakati maji yamekupwa laonekana kama limetupwa. Maji yakijaa, hudhihirika kwamba lilikuwa mahali pake siku zote. Kwa hiyo baadhi ya mambo yaitwayo fujo hayana kosa ila kungoja wakati wao.

Mwaka 1966, Mary Douglas, mwanachuoni wa Uingereza aliyepata kukaa kwa Walele wa Kasai nchini Kongo, alitoa kitabu kiitwacho Purity and Danger. Humo alieleza kwamba uchafu ni kitu kilichokosa mahali pake, na kwamba palipo na uchafu hapana budi pana utaratibu uliotangulia. Maelezo haya yana matokeo mazito. Ikiwa uchafu ni kukosa mahali, basi mwenye uwezo wa kugawa mahali ndiye mwenye uwezo wa kuwaita wengine wachafu.

Lakini mtu asikimbilie kusema kwamba fujo yote ni ya jicho. Neno “shambles” lakataza haraka hiyo. Mwanzo wake ni kibao. Kisha likawa meza ya kuuzia nyama, kisha soko la nyama, na mji wa York ungali na mtaa uitwao hivyo, ambao zamani ulikuwa wa wauza nyama. Kutoka sokoni likaingia machinjioni, na kutoka machinjioni likawa jina la mahali palipomwagwa damu ya watu. Katika karne ya 20 likapoa, na leo huelezea kabati lisilopangwa au mkutano ulioendeshwa vibaya. Damu imekaushwa ndani ya neno. Jambo lililo kama hilo lilitokea katika Ireland ya Kaskazini, ambako vita vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, vikafikia mapatano ya mwaka 1998, viliua watu zaidi ya 3,500. Jina lake la kawaida ni “Troubles”, yaani taabu, neno ambalo mtu hulitumia pia kwa gari lisilowaka.

Kumbe dhuluma ya majina ina njia mbili. Moja hulitwika jambo dogo jina kubwa. Nyingine hulifunika jambo kubwa kwa jina dogo. Neno “bedlam”, lenye maana ya makelele na vurumai, laonyesha zote mbili. Limetokana na Bethlehemu, mji wa kuzaliwa kwake Yesu. Mwaka 1247 nyumba ya watawa yenye jina hilo ilianzishwa London, nayo baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa muda mrefu watu waliingia kuwatazama wagonjwa kama watazamavyo tamasha, hata mwaka 1770 ruhusa hiyo ilipowekewa mipaka. Mateso ya wagonjwa yakawa mzaha wa wazima, na jina la nyumba yao likawa jina la kila ghasia. Mwaka 1930 hospitali ilihama kutoka jengo lake la Southwark, na mwaka 1936 jengo hilo likawa makumbusho ya vita. Mahali walipofungiwa watu walioitwa wenye fujo pakawekwa mizinga, kazi ya watu waliohesabiwa kuwa na akili timamu; wala hakuna aliyeiita mizinga hiyo “bedlam”.

Kiswahili nacho hakikusalimika. Bahari huchafuka, tumbo huchafuka, na nchi huchafuka. Kutokana na hayo hupatikana machafuko. Neno hili hudokeza kwamba utulivu uliotangulia ulikuwa safi. Huenda ulikuwa safi kweli. Huenda pia ulikuwa kimya cha watu waliozibwa midomo. Neno peke yake haliwezi kuamua, na alitumiaye bila kuuliza amekwisha kushika upande.

Haki, basi, haidai kwamba maneno ya fujo yaachwe, maana zipo fujo zinazostahili kulaumiwa kwa sauti kubwa. Inadai kwamba anayeitaja fujo ajue utaratibu gani umevunjwa, aliyeuweka ni nani, na aliyeumia ni nani. Asiyeyajua hayo hajaieleza fujo. Ameeleza kuudhika kwake.