Alama Nane za Springi

Barabara ya Webuye kwenda Kitale hupita Lugulu, mahali ambapo Marafiki, yaani Waquaker, walijenga hospitali na shule ya wasichana ambayo jina lake limefika mbali kuliko soko lenyewe. Kisa hiki nimekiweka kando ya barabara hiyo, katika shule ndogo ya kutwa niliyoitunga mwenyewe. Ukiitafuta hutaipata, wala hutawapata watu wake. Makosa yaliyomo ndiyo ya kweli, na mwalimu yeyote aliyewahi kukesha na rundo la karatasi mara tu kabla ya shule kufungwa anayajua.

Mwalimu wa fizikia hapo alikuwa kijana aliyeajiriwa na bodi ya shule, mshahara haba na vipindi tele, fizikia na hesabu kwa madarasa yote. Muhula wa tatu ulikuwa ukiisha. Naibu wa mwalimu mkuu alitaka alama ziwe zimeingizwa kabla ya saa nne Ijumaa, maana ripoti fomu zilipaswa kuchapwa na wazazi walikuwa njiani. Karatasi za kidato cha pili ndizo alizoziacha mwisho, akazianza Alhamisi usiku, mvua ya Novemba ikigonga mabati na umeme ukienda na kurudi.

Kwa msomaji asiyeujua mfumo wa elimu wa 8-4-4: mwisho wa kidato cha pili ndipo mwanafunzi anapochagua masomo atakayoendelea nayo hadi KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Fizikia si ya lazima, na nchini Kenya ni karibu robo tu ya watahiniwa wanaoifanya. Shule nyingi huweka kiwango, na katika shule yetu hii aliyepata chini ya asilimia 40 hakuruhusiwa kuichukua. Kwa hiyo mtihani ambao hakuna gazeti litakaloutaja ndio uliokuwa ukiamua nani angeweza kuwa mhandisi, kwa kuwa kozi za uhandisi katika vyuo vikuu vya Kenya hudai hesabu, fizikia na kemia.

Mwalimu hakuwa ameandika mwongozo wa kusahihisha. Swali alilitunga mwenyewe, majibu aliyajua, mwongozo wa nini? Alichofanya ni kuchomoa karatasi ya msichana anayeongoza darasa, akaipitia, akaona majibu ni sawa, akaiweka kando kama kioo cha kuwatazamia wenzake. Wakubwa zake kazini walimwonyesha njia hiyo, nao walionyeshwa na waliowatangulia.

Swali la tano lilihusu sheria ya Hooke. Springi ina urefu wa sentimita 12.5. Ikitundikwa mzigo wa niutoni 7 inafika sentimita 16.0. Sehemu ya kwanza: imerefuka kwa kiasi gani? Ya pili: tafuta ugumu wake, yaani nguvu ikigawanywa kwa kile kilichorefuka. Ya tatu: ni mzigo gani utakaoirefusha kwa mita 0.05? Ya nne: springi mbili kama hiyo zikiwekwa sambamba kubeba mzigo mmoja, ugumu wa zote mbili kwa pamoja ni kiasi gani? Alama tisa kwa jumla: 2, 3, 2 na 2.

Majibu ni sentimita 3.5, niutoni 200 kwa mita, niutoni 10, na niutoni 400 kwa mita. Msichana wa kisa hiki, ambaye karatasi yake ilikuwa katikati ya rundo, alitoa 12.5 kutoka 16.0 akapata 4.5. Kuteleza kwa mkono, basi. Kutoka hapo alibadilisha sentimita kuwa mita bila kukosea, akagawanya 7 kwa 0.045, akapata 156, akaandika na kipimo chake. Akazidisha kwa 0.05 akapata niutoni 7.8. Akajua kwamba springi sambamba hugawana mzigo, akaandika 312. Kila hatua baada ya ile ya kwanza ilikuwa fizikia safi iliyobeba tarakimu mbovu.

Mwalimu alitazama majibu manne, akayalinganisha na yale ya karatasi ya kioo, hakuona hata moja linalofanana. Akapiga mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini na kuandika 0. Haikuchukua muda. Ukurasa uliofuata, mwenzake aliandika ugumu wa springi kuwa niutoni 2 kwa sentimita, jambo ambalo ni lile lile la 200 kwa mita, naye akakatwa. Ila kiongozi wa darasa alikuwa ameandika 200 tupu, bila kipimo chochote, akapewa alama zote tatu. Huyu anajua, alijiambia mwalimu. Alisahau tu.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba masomo ya sayansi hayana upendeleo kwa sababu jibu ni moja. Mwaka 1913 Daniel Starch na Edward Elliott, wasomi wawili wa Marekani, waliijaribu imani hiyo. Walichukua karatasi moja ya jiometri ya mwanafunzi mmoja, wakaipeleka kwa walimu zaidi ya 100 waliolifundisha somo hilo. Alama zilizorudi zilianzia 28 hadi 92. Na hiyo ni jiometri! Jibu lilikuwa moja kwa walimu wote. Walitofautiana juu ya uzito wa kosa: huyu alikata kwa mchoro usio nadhifu, yule kwa hatua iliyorukwa, mwingine hakukata kabisa. Mnunuzi wa mahindi pale sokoni Misikhu akibadilisha mizani akiwa gunia la tatu, wakulima watamkamata shati. Mwalimu hubadilisha mizani katikati ya rundo na hakuna anayemwona, hata yeye mwenyewe hajioni.

Msichana alipata 22 kati ya 60. Asilimia 37. Fomu ya kuchagua masomo ilijazwa siku ile ile ya kufunga, akaandikiwa historia na biashara. Karatasi yenyewe alirudishiwa Januari, akiwa tayari kidato cha tatu.

Likizo ya Aprili alikwenda kumsaidia senge yake kupanda maharagwe. Senge, shangazi yake upande wa baba, alikuwa amestaafu ualimu baada ya miaka mingi ya fizikia, na kwa misimu kadhaa aliitwa na Baraza la Mitihani kusahihisha KCSE. Akaiona karatasi ndani ya kitabu, akaisoma kama wasomavyo watu wa kazi hiyo, kuanzia hatua na si kuanzia jibu. Shule zilipofunguliwa alipanda matatu akaenda kumwona mwalimu.

"Mwalimu, sikuja kugombana," alimwambia. "Nataka kujua tu, hili swali la tano ulilisahihisha kwa mwongozo gani?"

"Madam, majibu si yote yamekosewa?"

"La kwanza limekosewa. Alama moja ni yako, chukua. Sasa haya mengine matatu, niambie ni fizikia gani ambayo mtoto hakuijua."

Mwalimu aliishika karatasi, akapiga hesabu pembeni kwa penseli. Saba gawanya kwa 0.045. Akaangalia tena. "Alijua yote," akasema.

"Amekosa kutoa namba mbili. Wewe umemtoza alama tisa."

Kwa mwongozo wa haki angepata nane. Nane na ishirini na mbili ni thelathini, nusu ya mtihani, juu kabisa ya kile kiwango.

Senge alimweleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa pale inapofanywa vizuri, nami nitaieleza kwa maneno yangu. Fizikia ya KCSE, somo namba 232, ina karatasi tatu: mbili za nadharia zenye alama 80 kila moja, na ya tatu ya vitendo yenye alama 40. Kabla kalamu haijagusa karatasi ya mtahiniwa, wasahihishaji hukaa na mwongozo na kuubishania. Huulizana: mtoto akiandika hivi je? Akitumia njia nyingine je? Kisha wote husahihisha nakala zile zile za majaribio na kulinganisha alama, na anayetoka nje ya mstari hurudishwa. Baada ya hapo kila mmoja hupewa swali lake au sehemu yake, na karatasi husafiri mezani kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Anayesahihisha swali la tano hulisahihisha hilo hilo siku nzima, hajui mtoto alifanyaje swali la kwanza, wala hajawahi kuiona sura yake. Kiongozi wa meza huchukua baadhi ya karatasi na kuzipitia upya. Mtu mwingine hujumlisha.

Hata mchoro wa grafu, ambao mwalimu mvivu huutazama mara moja na kusema "hii nzuri, tano", kwa kawaida hukatwa vipande: mihimili iliyoandikwa majina na vipimo, alama 1, skeli inayofaa, 1, nukta zilizowekwa mahali pake, 2, mstari uliochorwa sawasawa, 1. Mtoto mwenye mstari uliopinda bado anabaki na nne.

Nisiusifu mfumo huo kupita kiasi. Wasahihishaji hulipwa kwa idadi ya karatasi, na malipo ya namna hiyo humpenda mwenye mbio. Matokeo ya KCSE ya 2015 yalitangazwa Machi 2016. Ya 2016 yalitoka Desemba 29 mwaka huo huo, na ya 2017 Desemba 20. Waliopata A walishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016. Serikali ilisema mianya ya wizi wa mitihani imezibwa, na kwa sehemu kubwa naiamini, kwani matokeo ya watahiniwa 5,101 yalikuwa yamefutwa mwaka wa kabla yake. Lakini walimu waliouliza jinsi karatasi nyingi vile zilivyosahihishwa kwa siku chache vile waliuliza swali halali. Mwongozo mzuri mikononi mwa mtu anayekimbizwa hurudi kuwa yale yale ya Alhamisi usiku.

Tofauti ni kwamba kule kuna mlango wa kugonga. Shule isiyoridhika na matokeo ya KCSE inaweza kuomba karatasi itazamwe upya. Mtihani wa kidato cha pili ulianza na kuishia kwa mtu mmoja mwenye kalamu moja.

Turudi kwa mwalimu. Jioni ile alizikusanya tena karatasi zote za darasa, akaandika mwongozo kwa mara ya kwanza, akafunika majina, akasahihisha swali la kwanza kwa darasa zima ndipo akaenda la pili. Wasichana watano walivuka kiwango kwenda juu. Wawili waliokuwa wakisoma fizikia tangu Januari walishuka chini yake. Akakaa na orodha hiyo. Wale wawili hakuwataja kwa mtu yeyote, na hapo naona alifanya sawa: kosa halikuwa lao, na mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu mwalimu wake alikuwa mkarimu. Kuhusu wale watano alikwenda kwa naibu, naibu akamwambia madarasa yamekwishapangwa na maabara haina viti, akarudi zake. Hapo alikosea tena, na kosa hili la pili ni zito kuliko la kwanza. Alipokata karatasi usiku ule alikuwa amechoka. Aliponyamaza alikuwa macho.

Naye msichana, senge alipomwambia kwamba amepata nusu ya mtihani na kwamba anaweza kudai nafasi yake, alikataa. "Senge, fizikia haikuniingia," alisema. Alionyeshwa hesabu zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, zikiwa sawa. Akakubali kwamba ziko sawa, na bado akakataa. Miezi minne ya kuishi na ile sifuri ilikuwa imemfundisha jambo juu ya nafsi yake, na halikufutika kwa penseli. Alifanya KCSE bila fizikia.

Mfumo wa 8-4-4 unaondoka, lakini jambo hili la usahihishaji linazidi uzito. Chini ya mtaala mpya, matokeo ya mwanafunzi anayemaliza gredi ya tisa hujumlishwa hivi: asilimia 60 kutoka mtihani wa KJSEA, 20 kutoka ule wa gredi ya sita, na 20 kutoka kazi zilizosahihishwa na walimu wake mwenyewe katika gredi ya saba na ya nane. Kwa matokeo hayo na chaguo lake, mtoto huelekezwa sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Kalamu ya mwalimu wa kawaida, kule Lugulu au Kiminini, sasa imo ndani ya hesabu ya taifa.

Basi mwalimu, andika mwongozo kabla mtihani haujafanywa, na umpe mwenzako wa shule jirani asahihishe karatasi kumi zako nawe umsahihishie kumi zake. Mzazi, ripoti fomu isikutoshe. Omba uione karatasi, na uiombe kabla mtoto hajajaza fomu ya kuchagua masomo.