Je, Kupima Msaada Wetu ni Kukosa Imani?



Kanyanga tuliijua Kongo, na waragi tumeikuta huku Kasese. Uganda ilikataza pakiti ndogo za waragi mwaka 2019, lakini pombe bado inavunja nyumba. Ndugu akiletwa kanisani, tunamwombea na kumshauri. Akirudia chupa baada ya mwezi, ni rahisi kusema imani yake ni ndogo. Je, ni haki kumhukumu mgonjwa kabla ya kuchunguza msaada aliopewa?

Wengine huona kwamba kupima kazi ya kanisa ni kumjaribu Mungu. Sisi hatuoni hivyo. Watu wa Beroya walichunguza hata mafundisho ya Paulo, nao wakasifiwa (Matendo 17). Msamaria naye hakuishia kufunga vidonda. Aliahidi kurudi (Luka 10). Anayerudi ndiye anayejua kama mgonjwa amepona.

Kule Eldoret, Kenya, watafiti waliwagawa kwa kura wagonjwa 614 wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakinywa pombe. Kundi moja lilijifunza namna ya kukataa pombe na kushinda hamu yake. Jingine lilifundishwa mambo ya afya. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kundi la kwanza lilifaulu zaidi kupunguza pombe. Walioongoza mafunzo hayo hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa. Basi hata wazee wa kanisa na mama zetu wanaweza kufunzwa kazi hiyo.

Tena, mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, hata kufa. Kumfungia katika chumba cha maombi bila daktari ni hatari. Tumpeleke kwanza hospitali, Bwera au Kagando, tukaombe naye huko huko.

Mungu ndiye aponyaye. Lakini upendo wa kweli hurudi kuuliza hali. Kila kikundi cha maombi kiandike kwa siri: tulimsaidia nani, tulimfanyia nini, na yuko namna gani baada ya miezi mitatu. Tukiona njia haisaidii, tubadilishe njia, tusimtupe ndugu.