Neno la Aliyetangulia



Kijana ametumika ukarani miaka kadha wa kadha, kisha wenye mali wakamwita wakamwambia: kampuni yetu ilikuwa ndogo, sasa inakua, nasi hatuiwezi peke yetu, shika wewe uongozi. Watu humpongeza, na aghalabu hawamwulizi ila mshahara umefika kiasi gani. Swali zito ni jengine. Siku ya kwanza atakapokaa katika kiti kile watamjia watu na maneno ya aliyetangulia: mimi niliahidiwa bei hii, mimi niliambiwa nitalipa baada ya mavuno, mimi niliajiriwa kwa sharti kadha. Hata moja katika hayo hakulisema yeye. Je, yanamfunga?

Wako wasemao kuwa hayamfungi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Ahadi, wasema, ni tendo la ulimi na nia, na hapana awezaye kunuia kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo. Tena biashara ndogo huendeshwa kwa mdomo: mwenyewe yuko dukani mchana kutwa, awajua wateja wake na baba zao. Ikishakuwa na matawi na makarani, mambo hayo yakiachwa vivyo hivyo itakufa. Basi meneja mpya, wasema, ana haki ya kufungua daftari jipya.

Natutazame mbali na pwani yetu, mahali ambapo wengi katika sisi hatujapakanyaga. Magharibi ya Lodwar, katika nchi ya Waturkana, karibu na mpaka wa Uganda, pana mahali paitwapo Lokiriama. Mwaka 1973 wazee wa Waturkana na wazee wa Wamatheniko wa Karamoja, watu walionyang'anyana ng'ombe na kuuana kwa muda mrefu, walipatana, wakazika silaha ardhini. Wazee wale wengi wamekwisha kufa. Neno lao limewabakia watu ambao siku ile walikuwa watoto, au hawajazaliwa.

Na neno lile halikuchelewa kupata mtihani. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, Wamatheniko waliingia katika kambi ya askari ya Moroto wakachukua bunduki nyingi. Miaka sita tu tangu mapatano, upande mmoja ukawa na nguvu ambazo wazee hawakuziona hata kwa ndoto. Lau hoja tuliyoitaja ingekuwa sawa, kijana mwenye bunduki mpya mkononi angekuwa na udhuru uliokamilika: mimi sikuwapo. Hatusemi kuwa tangu hapo hapakuibiwa ng'ombe wala hapakumwagika damu mpakani. Yametokea hayo, tena si mara moja. Lakini mapatano yenyewe hayakukanwa, na watu wa pande mbili hukutana Lokiriama kila mwaka kuyakumbuka.

Kwa nini limfunge kijana yule? Kwa sababu mifugo aliyorithi ilikula majani na kunywa maji kwa njia iliyofunguliwa na neno lile. Hawezi kuyapokea malisho akaikataa ahadi iliyoyaleta. Na meneja wetu ni vivyo hivyo. Wateja anaowakuta mlangoni hawakuja kwa ajili ya uso wake. Wameletwa na jina jema la nyumba ile, na jina hilo lilijengwa kwa ahadi zile zile anazotaka kuziita si zake. Jina jema ni sehemu ya mtaji, ijapokuwa halipimwi kwa mizani. Achukuaye mtaji huchukua na deni lake.

Twataja mfano wa karibu zaidi na biashara. Equity, ambayo leo ni benki kubwa, ilianzishwa na Peter Munga mwaka 1984 huko Murang'a, kama chama kidogo cha kuweka fedha na kukopesha kwa ajili ya nyumba. (Mas'ala ya riba yana mahali pake, hatuyaingii hapa.) Mwaka 1993 Benki Kuu iliona kuwa chama kimefilisika: hasara milioni 33 za shilingi, na mtaji uliolipwa milioni 3. Wakati ule ndipo James Mwangi alipoingia kusimamia mambo ya fedha. Hasara haikuwa yake, na fedha za wanyonge waliokuwa wameweka akiba hazikupokewa na mkono wake. Angesema hivyo angesema kweli, na chama kingekufa siku hiyo hiyo. Kilipata kuwa benki kamili mwaka 2004.

Sasa turudi Turkana, kwenye kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa wakimbizi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu huko biashara zaidi ya 2000. Wenye maduka wengi huuza kwa mkopo: mtu huchukua unga na mafuta leo, akalipa msaada wake utakapofika. Mwaka 2025 msaada ukapunguzwa sana. Tuseme duka moja limekua, limepata msimamizi, naye akafungua daftari akakuta majina yaliyoambiwa kwa mdomo: utalipa utakapopata. Hatumwambii aendelee kukopesha mpaka rafu ziwe tupu, kwani mwenye duka la jumla naye ana ahadi yake. Ana rukhusa ya kubadili. Lakini abadili kwa dhahiri, mbele ya wale walioahidiwa, kabla hawajafika na vikapu vyao; na sharti jipya lishike mzigo wa kesho, lisirudi nyuma kuugusa wa jana.

Iko ahadi isiyomfunga, nayo ni ile iliyotolewa katika haki ya mtu mwengine, kama mwenye mali aliyemwahidi mpwa wake ukarani ilhali kampuni ni ya washirika watatu. Hiyo haikuwa yake kuitoa. Nyingine zote, hata zile za kipumbavu (na za kipumbavu ni nyingi), zimo ndani ya kiti. Kwa hivyo kijana wetu, kabla ya kujibu juu ya mshahara, na awaombe wenye mali wamtajie yote waliyoyaahidi kwa mdomo, moja moja, naye ayaandike mbele yao. Wakisema hawakumbuki, asikipokee kiti mpaka wakumbuke.